Somo: Kuandika ukatili unaoishi kwenye nyumba yenye heshima

Hadithi fupi nyingi kuhusu mtu katili mwenye sura ya heshima huharibika kwenye aya ya kwanza. Mwandishi anamleta mama mwenye macho makali, midomo iliyobana, na papo hapo tunajua. Msomaji akishajua, kazi yake inabaki kusubiri adhabu tu. Lakini watu wa namna hiyo tunaoishi nao Mbeya, Iringa na Njombe hawana macho makali. Wanapendwa, na kwa mengi waliyotenda wanastahili kupendwa. Ugumu wa kuwaandika uko hapo.

Nitatumia mfano mmoja wa kutunga: Mama Tumaini wa Uyole, Mbeya, mweka hazina wa kikundi cha vikoba, na Neema, msichana wa miaka 13 aliyeletwa kutoka Makete, mkoani Njombe, kwa ahadi ya kusomeshwa.

Hatua ya 1: Jenga heshima kwanza, na iwe ya kweli

Mama Tumaini asiwe mwema wa kuigiza. Jirani akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria zake na mchele wa Kyela. Mwenzake akikwama rejesho, anamlipia na hamtangazi. Yaandike haya kwa moyo mweupe, bila kumdokezea msomaji kwamba kuna jambo.

Kisha hata kumleta Neema kuwe tendo jema. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta VVU mkoani Njombe kwa asilimia 11.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote. Nyuma ya namba hiyo kuna miaka mingi ya misiba, na vikao vya ukoo vya kuulizana nani amchukue mtoto yupi. Aliyenyoosha mkono aliheshimiwa, na ilikuwa haki aheshimiwe. Mama Tumaini alinyoosha mkono. Sasa angalia: jambo linalompa heshima mtaani ndilo hilo hilo linalompa mtoto wa kumtesa. Neema haitwi mfanyakazi, anaitwa mtoto wa ndugu, kwa hiyo hana mshahara, hana siku ya kupumzika, na hana pa kulalamikia. Ukiweza kufunga heshima na ukatili kwenye tendo moja namna hii, hadithi umeshaipata. Ukishindwa, utaishia na mtu mwenye nyuso mbili, na huyo tumeshamsoma mara nyingi.

Hatua ya 2: Tafuta kipimo kidogo

Kipigo humwambia msomaji kila kitu kwa mara moja. Ukatili wa nyumba yenye heshima mara nyingi hukaa kwenye kupima: nani anakula baada ya nani, nani ana ufunguo wa kabati, nani anaoga maji gani.

Chukua maji. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Saa 11 alfajiri Neema anawasha jiko la mkaa, anachemsha maji ya baba, ya mama, ya Tumaini, anabeba ndoo moja moja hadi bafuni. Yeye anaoga ya bomba. Hakuna aliyemkataza maji ya moto. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo. Siku moja anapoishika ndoo ya Tumaini, mkono wake unazama majini na kukaa humo muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kupima joto. Ishia hapo, usieleze.

Au chukua mayai:

Kabla ya kwenda msibani Mama Tumaini alifungua kabati, akahesabu mayai, akaandika idadi kwenye kikaratasi na kukibandika mlangoni. Akamfunga Neema kifungo cha sweta kilichofunguka. «Baki salama, mwanangu,» alisema, na alimaanisha.

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayoumiza. Ondoa hayo na unabaki na mama bahili tu.

Chagua kipimo kimoja, kirudi mara tatu. Mara ya kwanza kionekane ni kubana matumizi, jambo la kawaida kwenye nyumba yoyote. Mara ya pili msomaji akitilie shaka. Mara ya tatu asiwe na pa kukimbilia.

Sheria pia inaweza kukusaidia kuona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiri mtoto, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa hiyo huhitaji fimbo. Neema akipiga pasi sare za kwaya saa 5 usiku huku wageni sebuleni wakisema «huyu binti umemlea vizuri», kosa limeshatendeka mbele ya mashahidi wote, na wote wamelisifia.

Hatua ya 3: Amua nani anaona

Neema anaweza kusimulia, lakini mtoto wa miaka 13 aliyezoea anaweza asijue kwamba hili lina jina. Tumaini anaweza pia, na mtoto wa nyumbani huona mengi. Mimi nampendelea shahidi mwenye deni: yule mwanakikundi aliyelipiwa rejesho. Amekuja kushukuru, anasubiri chai, anaona kikaratasi cha mayai. Kila akitaka kusema, anakumbuka alivyositiriwa. Kinywa chake hakijafungwa na vitisho, kimefungwa na wema aliotendewa, na ndiyo maana ni kigumu kufunguka.

Hatua ya 4: Sauti

Fupi tu: asifoke. Amri zake zije kama ushauri wa mlezi, na Neema ajibu «abee mama» kila mara. Usimwandikie Neema hotuba ya kujitetea.

Hatua ya 5: Mwisho

Radi isimpige. Asiugue ghafla, asiungame kanisani mbele ya watu. Adhabu ya namna hiyo humpumzisha msomaji, na msomaji hajastahili kupumzika wakati Neema bado yuko jikoni. Malizia kwa kitu ambacho shahidi anafanya au anashindwa kufanya: anamaliza chai, anaomba ruhusa, anaongozana na Neema hadi getini, anamuuliza shule inafungua lini.

MASWALI

Mwanachama wa Tukuyu: Hadithi yangu nataka kuiita «Nyumba njema si mlango». Inafaa?

Hapana, ndugu yangu. Methali hiyo inatoboa siri kabla hujaanza. Chukua kichwa kinachoonekana cha kawaida, kwa mfano «Mtoto wa Ndugu».

Mwanachama wa Mafinga: Mwalimu, nionyeshe kwamba naye mama huyo alilelewa hivyo hivyo?

Sentensi moja inatosha, tena itoke kinywani mwake kama sifa: «Sisi tulioga ya mtoni na tumekua.» Ukiweka kumbukumbu ya kurasa mbili, utakuwa umeanza kumtetea, na Neema atageuka kisingizio cha kusimulia maisha ya mtesi wake.

Mwanachama wa Iringa mjini: Naandika kuhusu nyumba ninayoijua. Mtoto bado yuko pale.

Basi hadithi isubiri, dada. Piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Au nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Eleza ulichokiona kwa macho, siku na saa, bila kukoleza. Jicho lile lile unalotumia kuandika linafaa pale. Ukija kuandika baadaye, badili mtaa, kazi ya mama, umri, idadi ya watoto, na kipimo chenyewe. Mtoto asijitambue kwenye hadithi ya mtu ambaye hakumuuliza.

Mwanachama wa Mbalizi: Naweza kumwacha mama mwenyewe asimulie?

Unaweza, na ikifanikiwa itatisha kuliko zote. Sharti ni moja: asijue kwamba anakiri. Amsimulie mgeni gharama za kulea, uchovu wake, jinsi anavyomwombea mtoto kila usiku. Haya mengine yatoke yenyewe katikati ya shukrani: «Kwa kweli Neema hanisumbui. Hata baridi ya Julai haimsumbui, wale wa Makete wamezoea.»