Anza na Soketi: Jinsi ya Kulinganisha Magari ya Umeme Jijini Nairobi

Mtu anayetaka kununua gari la umeme hapa Nairobi huanza kwa kuuliza ni lipi linalokwenda mbali zaidi kwa chaji moja, kisha bei, kisha ukubwa wa skrini. Nimeendesha magari haya kwa miaka kadhaa na nimewasindikiza jamaa na majirani yadini mara nyingi, nami naamini kwa dhati kwamba mpangilio huo wa maswali ndio unaowatia wengi hasarani. Swali la kwanza liwe hili: gari litalala wapi, na hapo litakapolala pana umeme wa namna gani? Ukilijibu kwa ukweli, baadhi ya magari uliyokuwa ukiyalinganisha yatajiondoa yenyewe.

Nitatumia mifano mitatu: Nissan Leaf iliyotumika yenye betri ya kilowati-saa 40, ambayo huagizwa Japani au Uingereza, Hyundai Kona Electric iliyotumika, na BYD Atto 3 mpya. Yako mengine, lakini tofauti za haya matatu ndizo utakazokutana nazo kwa gari lolote utakaloonyeshwa.

Mahali gari linapolala

Soketi ya kawaida ya nyumbani kwetu ni ya pini tatu, ampea 13, volti 240. Waya wa kuchajia unaochomekwa humo huvuta takriban ampea 10, yaani kilowati 2.3 hivi. Wengi husikia hivyo wakakata tamaa kwa kudhani ni kidogo mno. Tupige hesabu. Mtu anayekaa Syokimau na kufanya kazi Westlands husafiri takriban kilomita 50 kwenda na kurudi. Gari dogo la umeme lisilokimbizwa huenda kilomita 6 hivi kwa uniti moja ya stima, yaani kilowati-saa moja, kwa hiyo safari hiyo hula uniti 8 na kidogo. Ukiongeza kiasi kinachopotea wakati wa kuchaji, unakaribia 10. Soketi ile ile ya ampea 13 huzirudisha kwa muda wa saa nne hadi tano. Mtu huyu hahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7, wala hahitaji betri kubwa ya kulipia mkopo kwa miaka.

Anayekaa kwenye ghorofa za kupangisha yuko katika hali tofauti kabisa, na ni afadhali aikabili kabla ya kutoa arubuni. Zungumza na mwenye nyumba, si keateka peke yake, mkubaliane kwa maandishi ni soketi ipi utakayotumia na ni mita gani itakayohesabu stima yako. Kuteremsha waya wa ekstensheni kutoka ghorofa ya tatu kupitia dirishani ni hatari ya kweli: waya mwembamba unaobeba ampea 10 kwa saa nyingi hupata moto, hasa ukiwa umeviringishwa. Ukinyimwa ruhusa, utategemea vituo vya kuchajia vya maduka makubwa na vya barabarani, na hapo aina ya tundu la kuchajia inakuwa jambo kubwa kuliko chapa ya gari.

Ili kujua gharama ya kuchaji nyumbani, usitumie bei uliyoisikia kwa mtu. Fungua ujumbe wa mwisho wa tokeni kwenye simu yako, uchukue jumla ya pesa ulizolipa, uigawanye kwa uniti ulizopewa. Hiyo ndiyo bei yako halisi, pamoja na ada na kodi zote. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliidhinisha pia mpango maalumu wa bei ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti wakati wa kawaida na shilingi 8 wakati wa matumizi madogo, kabla ya ada na kodi, kwa anayetumia kati ya uniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Msafiri wetu wa Syokimau hutumia uniti 220 hivi kwa siku 22 za kazi, kwa hiyo anagusa tu mpaka wa chini wa mpango huo. Unamfaa zaidi mwenye magari kadhaa ya biashara.

Tundu la kuchajia

Leaf iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina matundu mawili: Taipu 1 kwa chaji ya polepole na CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Leaf ya umbo hilo hilo iliyouzwa Uingereza kuanzia 2018 ina Taipu 2 badala ya Taipu 1, dashibodi yake inasomeka kwa Kiingereza, na kipima mwendo chake huhesabu maili. Kona ya Uingereza na Atto 3 inayouzwa rasmi nje ya China hutumia tundu la CCS2, la chaji ya haraka, ambalo humeza plagi ya Taipu 2 pia. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China, hata likiwa la chapa maarufu, huwa na tundu la GB/T, na mnunuzi wake hulazimika kutafuta adapta kila mahali.

Kwa hiyo fungua kifuniko cha tundu, lipige picha, kisha uende na picha hiyo kwenye kituo unachokusudia kutumia uilinganishe na plagi iliyoko pale. Adapta ya kutoa Taipu 2 hadi Taipu 1 hupatikana na hufanya kazi vizuri kwa chaji ya polepole. Kwa chaji ya haraka usijipe moyo na adapta. Chagua gari ambalo tundu lake tayari lina kituo kwenye njia zako. Halafu kuna waya unaokuja na gari la Japani. Ulitengenezewa soketi ya huko, na nimeona watu wakiukata barabarani na kuufunga plagi ya hapa kwetu, bila hata kusoma maandishi ya kisanduku chake. Nunua waya uliotengenezewa soketi yetu.

Kilomita za karatasini na kilomita za barabarani

Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha JC08. Ulaya, kwa kipimo cha WLTP, ikawa 270. Marekani, kwa kipimo cha EPA, ikawa takriban 243. Gari ni moja na betri ni moja. Atto 3 ya kilowati-saa 60.48 nayo hutajwa 480 kwa kipimo cha NEDC na 420 kwa WLTP. Muuzaji mmoja akikupa namba ya JC08 na mwingine akakupa ya WLTP, hujalinganisha chochote. Waombe wote namba ya kipimo kimoja, au uachane nazo utumie hesabu hii: ukubwa wa betri, mara asilimia ya afya yake (kiasi cha uwezo wake wa mwanzo kilichobaki), mara kilomita 6. Leaf yenye betri iliyobaki na afya ya asilimia 78 ina uniti 31 hivi, yaani kilomita 186 hadi iishe kabisa. Ukitunza akiba ya kukuepusha na wasiwasi, ihesabu kuwa ya kilomita 160.

Milima nayo ina hesabu yake. Gari la kilo 1,800 pamoja na abiria hula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 za kupanda, juu ya ile linayotumia kwa mwendo wa kawaida. Ukitoka Nairobi kwenda Naivasha unapanda hadi zaidi ya mita 2,300 upande wa Limuru kabla ya kushuka bondeni, na wakati wa kurudi lazima uupande ule ukingo wa bonde. Mota hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri unaposhuka, lakini si yote. Leaf yenye afya nzuri huenda Naivasha bila shida. Kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji ni jambo ambalo singemshauri mtu mwenye watoto garini. Kona ya kilowati-saa 64 na Atto 3 huifanya safari hiyo kwa utulivu. Msongamano wa Nairobi, kwa upande mwingine, hauyatishi magari haya, kwa sababu gari lililosimama hutumia umeme wa taa, redio na kiyoyozi tu.

Betri, ambayo ndiyo gari lenyewe

Hapa ningependa msomaji atulie. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Hutegemea hewa inayoipitia. Betri za Kona na Atto 3 zina mfumo wa kupozwa. Ndiyo maana Leaf iliyochajiwa kwa haraka mara mbili tatu katika safari moja ndefu huanza kupunguza kasi ya kupokea chaji, na ndiyo maana huchakaa upesi zaidi kwenye joto. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na baridi yake ya Julai, huitunza Leaf vizuri kuliko Mombasa. Ningemshauri mkazi wa Donholm ainunue bila kusita, na nisingemshauri hivyo mkazi wa Nyali.

Atto 3 hutumia betri ya aina ya LFP, ambayo huvumilia kuchajiwa na kutumika mara nyingi sana, na inafaa kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara ili kompyuta yake isome kiwango kwa usahihi. Za Leaf na Kona hudumu zaidi ukizizoesha kuishia karibu asilimia 80 kwa siku za kawaida. Kwa Kona kuna ukaguzi wa ziada: mwaka 2021 Hyundai ilitangaza kuyaita magari takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, yabadilishiwe betri kwa sababu ya hatari ya moto. Chukua namba ya chesisi, uhakikishe kama gari hilo lilihusika na kama kazi ilifanywa.

Kwa Leaf, dashibodi huonyesha vijialama 12 vya afya ya betri kando ya kipimo cha chaji. Cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza takriban asilimia 15. Usiviamini peke yake. Leaf yangu ya kwanza, ya umbo la zamani la kilowati-saa 24, niliinunua yadini ikiwa na vijialama vyote 12 vikiwaka. Baada ya wiki sita vilikuwa vimebaki tisa. Mtu alikuwa ameifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili ianze kuhesabu upya kama mpya, na mimi sikuwa nimepima. Siku hizi huja na kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la OBD, la kukagulia kompyuta ya gari, chini ya usukani, pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, nikasoma asilimia ya afya na tofauti ya volti kati ya seli na seli. Seli moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, naondoka. Kisha huomba gari liendeshwe kutoka asilimia 100 hadi 50, kihesabu kilomita za safari kikiwa kimerudishwa sifuri, na kilomita zilizopatikana nazizidisha mara mbili. Kumbukumbu hufutika, barabara haifutiki.

Kumbuka pia kwamba dhamana iliyotolewa Japani au Uingereza haivuki bahari pamoja na gari. Huo ndio uzito halisi wa kununua Atto 3 mpya kwa muuzaji rasmi: soma karatasi ya dhamana ya betri, uone inahesabu miaka mingapi, kilomita ngapi, na kama inadai huduma zote zifanyiwe kwake.

Matunzo na mafundi

Hakuna oili ya injini, plagi za injini wala mkanda wa injini. Breki hudumu, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Vinavyobaki ni maji ya kupozea, maji ya breki, chujio la hewa ya ndani, oili kidogo ya gia, tairi, bushi na shokomzoba. Tairi huisha upesi kuliko watu wanavyotarajia, maana magari haya ni mazito na huvuta kwa nguvu tangu mwanzo. Betri ndogo ya volti 12 nayo husahauliwa, ilhali ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa.

Fundi wako wa siku zote anaweza kubadilisha bushi. Asiguse nyaya za rangi ya machungwa: zinabeba volti 350 na zaidi, na zinaua. Kabla ya kuchagua gari, mtafute fundi aliyesomea umeme wa volti kubwa, umuulize ni magari gani amewahi kuyafungua. Kisha uulize bei na muda wa kusubiri wa vitu vitatu: taa ya mbele, chaja ya ndani ya gari, na kioo cha mbele. Majibu ya maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na ya muuzaji rasmi yatakueleza mengi kuliko kijitabu cha matangazo. Kampuni ya bima nayo uiulize kwa maandishi kama bima kamili inagharimia betri iliyopigwa na jiwe kutoka chini.

Kwa sababu hiyo hiyo, lala chini uangalie tumbo la gari. Betri iko hapo, na matuta ya mitaa yetu hayana huruma. Mikwaruzo mirefu kwenye bati la chini ni sababu ya kupunguza bei au kuondoka. Angalia pia buti: Leaf ina lita 435 na Atto 3 lita 440, Kona ni 332 tu, na kwa kawaida hakuna kati yake inayokuja na tairi la akiba. Atto 3 inaweza kutoa umeme wa kuwasha friji na taa stima inapopotea, jambo ambalo familia nyingi za hapa zitalithamini. Kwa anayeagiza nje, gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026 maana yake ni 2019 na kuendelea. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme tupu ulishushwa hadi asilimia 10 mwaka 2019, lakini thibitisha viwango vyote na wakala wako kabla ya kutuma pesa.

Ukishachagua, omba ulale na gari usiku mmoja kabla ya kulipa salio. Lichomeke kwenye soketi utakayotumia kila siku, uliache hadi alfajiri, kisha uguse plagi na uso wa soketi kwa upande wa nyuma wa kiganja. Ikiwa vuguvugu, ni sawa. Ikiwa inachoma, zima swichi, umwite fundi wa umeme aibadilishe soketi na kuivutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi, na gari lisichajiwe hapo tena hadi kazi hiyo ikamilike.