Angalia maji kabla ya mawimbi

Mnaoteleza na ubao kwenye mwamba wa nje, mashariki mwa Unguja: utabiri ukisema wimbi la mita 1, fungueni kwanza jedwali la kupwa na kujaa. Wimbi hilo huvunjika kwenye kina cha mita 1.3 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3: yakipwa, matumbawe yako wazi na yanachana nyayo, yakijaa sana, wimbi linapita juu bila kuvunjika. Ingieni maji yakiwa nusu, kama muda wa saa tatu baada ya kupwa kabisa. Maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo, hayana haraka hiyo. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma kwa nguvu hesabu hii haisaidii, kwani upepo wa baharini unalivuruga wimbi hata kina kikiwa sawa.