Namna ya Kuinasa Idhaa ya Dini Kwenye Masafa Mafupi na Kuiandikia Taarifa

Anayetaka leo kutafuta mahubiri, Misa au kisomo cha Qur'ani kwenye masafa mafupi (SW), yaani mawimbi ya redio yanayofika nchi za mbali, aanze kwa kujua ni nani aliyebaki hewani, kwa kuwa orodha aliyoirithi kwa wazazi wake imekwisha kuchakaa. Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyofunguliwa mwaka 1963 na ambayo vipindi vyake vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, ilitaifishwa na utawala wa kijeshi wa Derg mwaka 1977. Mitambo ya FEBA, shirika la utangazaji la Kikristo, huko Shelisheli ilizimwa mwaka 2003. HCJB, idhaa ya Kikristo iliyoanza kutangaza kutoka Quito, Ekuador, siku ya Krismasi ya mwaka 1931, ilifunga mitambo yake ya masafa mafupi ya Pifo mwaka 2009. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki waliosalia ni wachache: Redio Vatikani, ambayo mwaka 2012 ilisitisha masafa mafupi kwa sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika lakini ikayaendeleza kwa Afrika, TWR (Trans World Radio), idhaa ya Kikristo yenye mitambo Eswatini tangu mwaka 1974, Redio ya Waadventista Duniani, na Idhaa ya Qur'ani Tukufu ya Riyadh. Wasikilizaji wengi wamehamia kwenye FM, ambako tangu soko la utangazaji lilipofunguliwa miaka ya 1990 madhehebu mengi yana vituo vyake, na kwenye simu. Ni haki yao, kwani sauti ya huko haina mikwaruzo.

Ukishajua unayemtafuta, pata ratiba yake ya msimu huu. Vituo hubadilisha masafa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo namba ya masafa uliyoinakili Februari huenda isikufae Aprili. Saa za ratiba huandikwa kwa saa za dunia, yaani UTC. Msikilizaji wa Tanzania, Kenya au Uganda aongeze saa tatu, na wa Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo aongeze mbili. Kipindi kilichoandikwa 1700 UTC kitasikika Dodoma saa mbili kamili usiku. Kosa la saa ndilo linalowakatisha wengi tamaa, wakadhani kituo kimekufa kumbe wamekifikia nusu saa baada ya kufunga. Ikiwa redio yako ni ya mshale na inaonyesha mita pekee, gawa 300,000 kwa namba ya kilohezi upate mita: kilohezi 9,600 ziko kwenye mita bendi 31, yaani kundi la masafa yenye mawimbi ya karibu mita 31.

Chagua mita bendi kwa kufuata jua. Mawimbi mafupi hufika mbali kwa kurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa linalochajiwa na mionzi ya jua. Mchana tabaka hilo hurudisha vizuri masafa ya juu, na sehemu yake ya chini humeza yale ya chini. Jua likizama hali hugeuka. Kwa hiyo mchana tafuta kwenye mita bendi 19 na 16, ambako kisomo cha Riyadh kimekuwa kikisikika. Jioni shuka hadi 25 na 31, na usiku ukikomaa jaribu 41 na 49. Alfajiri hufanana na jioni, ila kelele za mjini huwa zimepungua, na kwa maoni yangu ndiyo saa bora kuliko zote kwa anayeanza.

Kuhusu redio yenyewe, usidanganyike na ukubwa wake. Redio ya betri yenye sehemu za masafa mafupi, SW1 na SW2, inatosha, mradi uitoe nje ya nyumba, maana adui mkubwa wa masafa mafupi siku hizi amo ndani: chaja za simu, taa za LED, vibadilishaji vya umeme wa jua na runinga, vyote hutoa mvumo unaofunika kituo dhaifu. Zima unachoweza, kisha tumia betri badala ya umeme wa ukutani. Funga waya wa mita tano hadi kumi kwenye antena ya redio, uutandaze mpaka kwenye mti au kenchi, mbali kabisa na nyaya za umeme, na uuondoe mvua ya radi inapokaribia. Waya mrefu mno huizidi nguvu redio ndogo, na vituo vikaanza kupandiana.

Washa dakika tano kabla ya wakati. Redio Vatikani hutambulika kwa wimbo wa Christus Vincit unaorudiwarudiwa kabla ya kipindi, ukifuatiwa na salamu ya kumsifu Yesu Kristo. Ukisikia hivyo, usiguse kitufe tena. Sauti ikififia itarudi yenyewe.

Sasa shika kalamu uiandikie idhaa taarifa ya ulivyoisikia, kwa sababu hapa ndipo msikilizaji mmoja ana uzito ambao hakuwa nao zamani. Anayesikiliza kwa intaneti huhesabika bila yeye kujua, lakini mtambo wa masafa mafupi hauna njia ya kujua kama umesikilizwa na watu elfu au na hewa tupu, na huku unameza umeme kilowati 100, 250 au zaidi. Bodi ya kituo inapokaa kupunguza matumizi, idhaa isiyo na barua za wasikilizaji haina utetezi.

Andika tarehe, saa kwa UTC, masafa kwa kilohezi, mahali ulipo, aina ya redio na ya antena. Eleza ulichokisikia kwa dakika zisizopungua 15: somo lilitoka wapi, nani alihubiri, wimbo gani ulipigwa. Bila maelezo hayo kituo hakiwezi kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Kisha pima mapokezi kwa namba tano, kila moja kuanzia 1 hadi 5: nguvu ya mawimbi, mwingiliano wa vituo vingine, kelele, kufifia na hali ya jumla, 5 ikiwa nzuri kabisa. Usitoe 55555 kwa adabu. Barua ya shukrani tupu humfurahisha mchungaji, lakini fundi anayepanga masafa anahitaji kuambiwa kwamba saa tatu usiku kituo kingine kiliwafunika. Ikiwa ulisikiliza kupitia redio ya mbali iliyounganishwa na intaneti, sema hivyo waziwazi, kwani taarifa ya mahali usipokuwepo humpotosha.

Vituo vingi hujibu kwa kadi ya uthibitisho, iitwayo QSL, au kwa barua pepe. Usiambatanishe fedha wala maombi ya kalenda. Badala yake ongeza sentensi moja inayotaja ni watu wangapi wanaosikiliza nawe, na kama FM ya dini inafika kijijini kwenu au haifiki. Tuma nakala moja kwa anwani ya idhaa ya Kiswahili na nyingine kwa idara ya ufundi, kisha rudia baada ya mabadiliko ya masafa ya Machi na ya Oktoba.