Wape dakika mbili wanong'onezane kwanza

Mwalimu wa Gredi ya 4, hasa wa Sayansi: ukiuliza swali kwa Kiingereza na darasa likanyamaza, usikimbilie kumwita yule yule anayejua kila kitu. Wape dakika mbili wanong'onezane wawili wawili kwa lugha yoyote ile, Kiturkana, Kigiryama, hata Sheng. Kwa mfano, waulize kwa nini nguo hukauka hata siku ya mawingu. Mmoja atataja upepo, mwenzake atabisha kwamba ni joto, na kelele zitazidi kidogo (mwalimu wa darasa jirani atavumilia). Hapo ndipo uandike ubaoni maneno matatu ya Kiingereza, uwaache wajenge sentensi. Jibu wanalo tayari, kilichobaki ni kulivisha Kiingereza. Asiye na mwenzake wa lugha moja, mwache achore.

Na kile kibao anachovishwa shingoni mtoto akiponyokwa na lugha ya mama, kama bado kipo shuleni kwenu, kipinge kwenye kikao cha walimu. Usiende mikono mitupu: Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi, na mtaala unataka lugha ya eneo itumike kufundishia Gredi ya 1 hadi ya 3. Wagumu zaidi ni wazazi, kusema kweli. Hao waalike wamsikie mtoto akieleza jaribio kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiingereza.