Jinsi ya Kuuzoea Mchezo wa Uhusika Wenye Kanuni Nyingi Kabla Haujakuchosha

Mtu anayeufungua mchezo wa video wa Baldur's Gate 3, ambao ni wa uhusika, yaani unaongoza mhusika unayemuunda mwenyewe, kwa mara ya kwanza hupokewa na maswali kabla hajapiga hatua hata moja: achague jamii (aina ya kiumbe) moja kati ya 11, achague fani (kama mpiganaji au mchawi) moja kati ya 12, agawe alama za nguvu, wepesi, akili na haiba, kisha aseme mhusika wake alikuwa nani kabla ya hadithi kuanza. Mchezo huo uliotolewa na kampuni ya Larian Studios ya Ubelgiji mwezi Agosti 2023 umejengwa juu ya kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioanza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Kanuni hizo zilikusudiwa watu walioketi pamoja na mwenzao mmoja anayezijua, naye huwaelekeza kila wanapokwama. Mbele ya skrini mwelekezaji huyo hayupo, na ndiyo maana wapo wanaouzima mchezo jioni ya kwanza wakisema kwamba vitufe na menyu zimewamalizia raha.

Sikubaliani nao kabisa, wala siwapuuzi. Wingi wa kanuni peke yake haupunguzi raha ya mchezo wa uhusika, kwa kuwa kanuni hizo ndizo zinazomfanya mhusika wako awe tofauti na wa jirani yako. Kinachochosha ni kutakiwa kujifunza kanuni kabla hujapata sababu ya kuihitaji, hasa wakati vidole navyo bado vinatafuta kitufe cha kuruka kiko wapi. Mwongozo huu unahusu namna ya kuitenganisha mizigo hiyo miwili ili usiibebe kwa mkupuo mmoja.

Jua kwanza kinachokushinda ni kipi

Ugumu wa mikono na ugumu wa kanuni hufanana sana machoni pa mgeni, na kuvichanganya ndilo kosa linalogharimu muda mwingi kuliko yote. Chukua Elden Ring, mchezo wa kampuni ya FromSoftware uliotoka Februari 2022. Mchezaji huokota deraya nzito, huivaa kwa furaha, kisha huona mhusika wake anabingirika kwa kujikokota na kupigwa kila mara. Hulaumu pedi, hulaumu vidole vyake, na pengine huilaumu mashine. Kumbe mchezo una kanuni ya uzito: mzigo wako ukifikia asilimia 70 ya uwezo wa kubeba, mhusika hubingirika kwa uzito, ukiwa chini ya hapo hubingirika kawaida, na ukiwa chini ya asilimia 30 huwa mwepesi zaidi. Dawa yake ni kuivua deraya hiyo, au kuongeza alama za ustahimilivu, wala si kufanya mazoezi ya kitufe hadi usiku wa manane.

Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, uliwachanganya watu kwa njia hiyo hiyo. Unamwona panya mbele yako, unaushusha upanga, upanga unapita katikati ya mwili wake, na hakuna kinachotokea. Mchezo huo huamua kwa hesabu ya siri kama pigo limempata adui, na hesabu hiyo hutazama ustadi wako katika silaha ile pamoja na mstari wa kijani wa pumzi, ambao hupungua unapokimbia. Kwa hiyo anayeanza Morrowind na afuate mambo mawili tu: ashike aina ya silaha aliyoichagua miongoni mwa stadi zake kuu, na atembee, asikimbie, anapokaribia pambano. Nusu ya manung'uniko yake yatakoma siku hiyo hiyo.

Basi kila unapokwama, jiulize swali moja kabla ya kukasirika: je, nilijua la kufanya lakini kidole kikakosea, au kidole kilifanya sawasawa na matokeo yakanishangaza? Jibu la kwanza linadai mazoezi, na la pili linadai kusoma menyu ya hali ya mhusika.

Mikono itangulie

Katika michezo ya mapigano ya papo kwa papo, vidole vitangulie kufundishwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kupima faida ya silaha mbili huku akitafuta kitufe cha kujikinga. Elden Ring ina pango la mafunzo karibu kabisa na mwanzo, ambalo mlango wake ni shimo lililo kando ya mzuka aliyeketi kitini, na wengi hulipita bila kujua kwa sababu hakuna anayelazimishwa kuingia. Ingia. Ukitoka nje utamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akizunguka njiani. Mwache aende zake, kwani hakuwekwa pale ili mgeni amshinde. Nenda kwa askari wa kawaida walio karibu na magofu ya Gatefront, na kwa nusu saa utumie mambo matatu tu: kubingirika, kujikinga kwa ngao na pigo jepesi. Kuchuchumaa, kushika silaha kwa mikono miwili na kubadilisha uchawi vitasubiri.

Kitufe kisichokaa vizuri mkononi kihamishe. Elden Ring yenyewe huruhusu kupanga vitufe upya, na mashine za PlayStation na Xbox zina mpangilio kama huo katika sehemu ya mahitaji maalumu, ambayo si ya watu wenye ulemavu peke yao. Katika Elden Ring, kwa mpangilio wa kawaida wa pedi ya PlayStation, kitufe cha duara hubingirisha kikibonyezwa na hukimbiza kikishikiliwa. Kitufe kimoja chenye kazi mbili namna hiyo ndicho cha kwanza kutazamwa unapoona mhusika anafanya usichomwagiza.

Kwamba mzigo wa mikono unaweza kupunguzwa bila kuuharibu mchezo, historia yenyewe inaonyesha. Ultima IV ya mwaka 1985 iliipa karibu kila herufi ya kibodi amri yake, hadi Z iliyofungua hali ya wahusika. Mwaka uliofuata, Yuji Horii na wenzake walileta Dragon Quest nchini Japani kwa mashine ya Famicom, ambayo pedi yake ilikuwa na vitufe viwili vya kutendea, nao wakazikusanya amri katika menyu fupi. Hata hivyo mchezaji alipaswa kuchagua amri ya kushuka ngazi kila alipofika kwenye ngazi, jambo ambalo leo lingechekesha. Amri hiyo iliondolewa baadaye na hakuna aliyeililia, maana haikuwa na uamuzi wowote ndani yake. Hicho ndicho kipimo changu cha ugumu usio na faida: ni tendo unalolirudia bila kuchagua chochote.

Mhusika wa kwanza awe na maamuzi machache

Turudi kwenye Baldur's Gate 3, ambako mapigano ni ya zamu na vidole havina haraka, lakini kanuni ni nyingi kweli. Usianze na mchawi, hata kama ndiye unayempenda, kwa sababu tangu ngazi ya kwanza atakudai uchague uchawi ambao hujauona ukifanya kazi. Anza na mpiganaji, na ukifika ngazi ya tatu uchague tawi liitwalo Champion. Tawi hilo halikuongezei kitufe chochote. Hufanya tu pigo lako liwe kubwa kuliko la kawaida hata dadu ya pande 20, ambayo mchezo huirusha kwa kila shambulio, inapoangukia 19, badala ya 20 pekee. Wenzako utakaokutana nao njiani watakuletea uchawi na uponyaji, nawe utajifunza kwao taratibu, mmoja baada ya mwingine.

Wala usihofu kwamba umeharibu mhusika. Karibu na mahali kilipoanguka chombo kilichokubeba mwanzoni mwa hadithi pana kaburi la kale ambamo analala mfu aitwaye Withers, na usipomwamsha atakuja mwenyewe kambini. Kwa vipande 100 vya dhahabu atakuruhusu kuchagua upya fani na alama zako zote. Ukilijua hili mapema, ile skrini ya maswali ya mwanzo hupoteza ukali wake wote. Kiwango cha ugumu nacho ukishushe hadi Explorer bila aibu. Kiwango hicho hupunguza makali ya maadui na hufunga uwezo wa kuchanganya fani mbili, yaani huondoa menyu moja ambayo mgeni haihitaji, na unaweza kukipandisha wakati wowote kati ya safari.

Kanuni moja kwa pambano moja

Zanzibar, anayeanza bao hatwishwi bao la kiswahili lote siku ya kwanza. Huanzishwa bao la kujifunza, ambalo kete zake 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo yote 32, na hakuna kunamua, yaani kuingiza kete za akiba ubaoni moja moja. Atakapozoea kula na kutakata ndipo huongezwa nyumba, kunamua na mengine yanayowaumiza vichwa hata wazee wa barazani. Hakuna anayesema bao la kiswahili limekosa raha kwa sababu ya kanuni zake. Dragon Quest nayo ilifuata mwendo huo bila kulijua bao: mwaka 1986 mchezaji aliongoza shujaa mmoja dhidi ya adui mmoja, mwaka 1987 mashujaa wakawa watatu, na mwaka 1988, katika toleo la tatu, akaruhusiwa kuunda kundi lake na kuwachagulia fani.

Mchezo usipokupangia ngazi hizo, jipangie mwenyewe. Katika Baldur's Gate 3 kila zamu ina mwendo, tendo kuu moja na tendo dogo moja. Katika pambano la kwanza angalia kimo tu: mpiga mishale aliyesimama juu huongezewa 2 katika dadu yake, na aliye chini hupunguziwa 2, kwa hiyo panda kwanza ndipo ushambulie. Katika pambano la pili ongeza kusukuma, ambalo ni tendo dogo, na utafute adui aliyesimama ukingoni mwa jabali. Nilipomwangusha wa kwanza kwa namna hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wazima hukesha na mchezo huu. Katika la tatu jifunze ile hali ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, ambayo hupatikana, kwa mfano, ukimshambulia adui asiyekuona. Kushikilia uchawi mmoja kwa umakini, na namna kipigo kinavyoweza kuukatiza, iwe kanuni ya nne. Ukifika hapo umeshaijua sehemu kubwa ya mapigano, bila kusoma ukurasa wowote wa maelezo kwa lazima.

Utengenezaji wa dawa, uuzaji wa takataka na upangaji wa mabegi uviache kabisa katika saa kumi za kwanza. Havikimbii.

Menyu zisizo za Kiswahili

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mzigo wa tatu ambao miongozo ya wenzetu haiutaji: michezo hii haina menyu za Kiswahili, na Kiingereza chake si kile cha darasani. Neno moja la kawaida huwa limepewa maana ya kihesabu, na asiyeijua maana hiyo hudhani ameelewa. Weka daftari dogo kando ya mashine, na kila neno linalorudi mara tatu uliandike kwa maneno yako mwenyewe kwa sentensi nzima, kama vile "dadu mbili, nachukua kubwa". Katika kompyuta, tumia kipanya badala ya pedi siku za mwanzo, kwa sababu kielekezi kikisimama juu ya alama hufunua maelezo yake, na kikisimama juu ya adui huonyesha asilimia ya kumpata. Anayecheza kwa kulipia saa katika chumba cha PlayStation cha mtaani, namshauri kwa moyo mweupe atafute mchezo mwingine. Saa mbili za kwanza zitaishia kwenye menyu, na pesa ni yake.

Unaporudi baada ya mwezi

Hapa ndipo wengi hupotea, kuliko hata mwanzoni. Mitihani au safari hukuweka mbali kwa wiki nne, unarudi, unakuta mhusika wa ngazi ya nane mwenye alama ishirini za matendo chini ya skrini ambazo huzikumbuki hata moja, na unaamua kuanza upya au kuacha kabisa. Usifanye lolote kati ya hayo. Hifadhi mchezo katika faili mpya, kisha urudi eneo la zamani ambalo bado lina maadui dhaifu na kupigana nao ukitumia zile kanuni za mwanzo tu. Katika Baldur's Gate 3 ya kompyuta, F5 huhifadhi haraka na F8 hurudisha nyuma, hivyo unaweza kubonyeza kila alama moja moja, kuona inafanya nini, na kurudi ulipokuwa kana kwamba hakuna kilichotokea. F5 hiyo hiyo ibonyeze pia kabla ya kila pambano kubwa, maana umeme ukikatika katikati ya zamu hautakusubiri umalize. Alama ambayo umeijaribu mara mbili na bado huoni kazi yake, iondoe kwenye mstari wa chini. Fungua daftari, soma kurasa za mwisho ulizoandika, na uchague jambo moja tu la kwenda kulimaliza jioni hiyo.