Kujikinga upepo na kupata stara ukipiga kambi ufuoni pwani ya Kenya, kuanzia Shela ya Lamu mpaka Mambrui

Watu wengi wakija kulala ufuoni wanabeba hema la maana alafu hawabebi kitu chochote cha kuzuia upepo, sasa kusi, ule upepo wa kusini, likiwakuta pale wazi Shela ni mlango wa hema kupigapiga usiku kucha na wali wenye mchanga. Na kinga yenyewe ni kitu rahisi, kitambaa, nguzo tano hivi na kamba, unakunja unatia begani unapanda mashua. Shida ni kwamba mtu anataka kitambaa hichohicho kimoja kimzuilie upepo na pia kimpe stara ya kuoga na kubadilisha nguo, na hizo kazi mbili hazipatani.

Upepo ukigonga ukuta usiopitisha kitu, mfano turubai, unaruka juu alafu unaanguka upande wa pili kwa fujo, kwa hivyo we uliejificha nyuma ndo unapigwa kutoka kila upande, na turubai lenyewe linavimba kama tanga mpaka ling'oe nguzo. Kitambaa chenye matundu kinauachia upepo upite kidogo, unapita umechoka, nyuma pale panatulia. Mi napendekeza neti ya kivuli ile wanayofunikia vitalu vya miche, inauzwa kwa asilimia ya kivuli inachotoa, ya 50 yatosha, ya 90 ni turubai lenye jina lingine tu. Lakini chini ni tofauti, manake mchanga mwingi unaopeperuka unatembea karibu na ardhi, hauruki juu sana, basi ile sentimita 30 ya chini shonea jamvi kuukuu na ukingo wake uufukie kabisa. Yaani chini pazibwe, juu papumue. Ukikosea hapa utakula pilau ya kutafuna mara mbili.

Nguzo, nunua pau za mikoko kwa wenye kibali, usiende kujikatia. Fito ni nyembamba zitapinda. Urefu mita 1.8 yatosha, nusu mita inaingia chini unabaki na 1.3 juu, na kinga ya kimo hicho inakupa utulivu mpaka mita tano sita nyuma yake, hema likae humo.

Kabla ya kukita chochote dondosha konzi ya mchanga uone unakoelekea, usitegemee app. Kusi tunalo kama kuanzia Aprili mpaka Septemba, na Shela inakuja moja kwa moja kutoka baharini. Kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mpaka Machi, inatoka upande mwingine kabisa, kwa hivyo ile kambi ya mwaka jana usiirudie kwa macho yamefumba. Panga nguzo kama pembe, ncha ielekee upepo, na nguzo ziiname kidogo kuelekea huko huko.

Sasa kukita, hapa ndo wengi wanashindwa. Mchanga mkavu haushiki kitu. Chimba kwa kifuu cha nazi mpaka ufikie mchanga wenye unyevu, simamisha nguzo, rudishia mchanga kidogo, mwagia maji ya bahari, kanyaga kwa kisigino, rudishia tena, mwagia, kanyaga. Ukisukuma nguzo ikakusukuma na wewe, sawa. Vigingi vya hema vinavyokuja na mfuko wake ufuoni ni mapambo, badala yake funga kamba katikati ya kipande cha ubao, kifukie kikiwa kimelala, kina cha mkono mpaka kiwiko, upande unakotoka upepo, upepo ukivuta ubao unazidi kukaza.

Stara sasa. Chumba cha kuogea kijenge NDANI ya ile sehemu iliyotulia, hapo waweza kutumia kitambaa kizito manake upepo ushavunjwa. Nguzo za hapa ziwe ndefu, mita mbili juu ya mchanga. Leso moja haitoshi jamani, ikilowa inagandana na inaonyesha, tia shuka nzito ya rangi iliyokoza. Usiku ni mbaya zaidi, ukiweka taa nyuma yako kivuli chako kinachorwa kwenye kitambaa na ufuo mzima unatazama sinema, taa iweke chini kabisa kati yako na kitambaa, ikumulike wewe tu. Alafu inua macho, pale Shela vilima vya mchanga viko juu kuliko ukuta wako, mtu akisimama kule anaona kila kitu, kwa hivyo funika na juu au sogea usawa usioonekana. Usipande kujenga huko kwenye vilima vyenyewe wala kung'oa majani yake, mchanga ule ndo unahifadhi maji ya kunywa ya Lamu.

Kwa wanaoswali, kibla kwetu ni kaskazini, kwa hivyo wakati wa kusi upepo unawapiga mgongoni, kinga ikikaa nyuma ya safu ya mwisho akina mama hawahangaiki kushika mitandio.

Jiko liwe pembeni, mbali na neti kwa mita tatu, ile ni plastiki inayeyuka kwa cheche moja, na lisiwe upande ambao cheche zitaelekea hema. Mwezi mwandamo au mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa juu kuliko kawaida, tafuta mstari wa mwani uliokauka ukae juu yake na uongeze. Na usiku neti isiyo na kazi kunja, kasa wakipanda kutaga wananasa.

Kutoa, anza na kitambaa, kamba mwisho. Ukizilegeza kamba kwanza utakimbizana na neti mpaka Kipungani, kule upande wa pili wa kisiwa. Nyumbani suuza kwa maji yasiyo ya chumvi, chumvi inachakaza nyuzi, anika kivulini.