Unaishi Nairobi, Mshahara Unatoka Ng'ambo: Namna ya Kukokotoa na Kulipa Ushuru

Kabla ya kufungua iTax, tovuti ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), chukua pasipoti uhesabu siku ulizokaa Kenya. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, haiulizi wewe ni raia wa wapi. Inauliza kama wewe ni mkaazi kwa mwaka husika, unaoanza Januari na kuisha Desemba.

Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukawepo nchini hata kwa muda mfupi mwaka huo, wewe ni mkaazi. Usipokuwa na makao, siku 183 kwa jumla zinatosha, hata zikiwa za vipande vipande. Kigezo cha tatu ndicho huwanasa wengi: kuwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Tuseme ulikaa siku 130 mwaka 2023, 118 mwaka 2024 na 125 mwaka 2025. Jumla ni 373, wastani 124. Hukufikisha 183 hata mara moja, lakini kwa mwaka 2025 u mkaazi. Basi andika tarehe za kuingia na kutoka kwenye jedwali, na uhifadhi tiketi za ndege, kwani mhuri uliofifia hautakusaidia ukiulizwa.

Mkaazi hutozwa ushuru kwa mapato yote ya ajira, iwe kazi aliifanyia Kilimani au Berlin. Biashara anayoiendesha sehemu Kenya na sehemu nje huhesabiwa yote kuwa ya Kenya. Lakini kodi ya pango unayopokea kwa nyumba yako iliyoko London haikutokana na Kenya, kwa hiyo usiichanganye humo. Asiye mkaazi hutozwa mshahara anaolipwa na mwajiri aliye mkaazi wa Kenya, au na tawi la kudumu la kampuni ya nje lililoko hapa. Viwango ni vilevile, ila hapati unafuu wa kibinafsi, yaani punguzo la ushuru la shilingi 2,400 kwa mwezi. Akilipwa ada ya kitaalamu bila kuajiriwa, anayemlipa humkata asilimia 20 moja kwa moja. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukatwa 15.

Hesabu ya mshahara ni hii. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata 25, kisha 467,667 asilimia 30, halafu 300,000 asilimia 32.5, kinachozidi 800,000 hutozwa 35. Kwa mshahara wa 300,000: 2,400 + 2,083 + 80,300 = 84,783. Toa unafuu wa 2,400, ushuru unabaki 82,383 kwa mwezi, kabla ya makato mengine yanayoruhusiwa. Pesa za kigeni zigeuze kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kenya, si kile cha duka la kubadilishia fedha.

Je, nchi ya pili nayo imekukata? Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi kama Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, India na Afrika Kusini. Na Marekani haina. Chini ya mkataba, ushuru uliolipa kule hupunguzwa kwenye wa Kenya, lakini kwa kiasi kisichozidi ushuru wa Kenya kwa mapato hayohayo. Hapa ndipo watu huumia: kazi unayoifanya kwa tarakilishi ukiwa Westlands imefanyika Kenya, hata kama mwajiri yuko Manchester. Akiendelea kukukata ushuru wa Uingereza kimakosa, dai urejeshewe kule. Usitarajie KRA ikubali kuupunguza hapa. Ambatisha cheti cha ushuru uliolipwa. Hati ya mshahara peke yake ni ushahidi hafifu.

Mwajiri asiye na ofisi Kenya hakukatii PAYE (ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara), hivyo mzigo ni wako. Ushuru wa mwaka usiolipwa kupitia PAYE ukizidi 40,000, lipa kwa awamu nne za robo: tarehe 20 Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio hulipwa kufikia Aprili 30 mwaka unaofuata. Ritani yenyewe, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka, huwasilishwa hadi Juni 30, na wengi hudhani hata malipo yanangoja hadi hapo. Hayangoji: kuchelewa kulipa ni faini ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake. Kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 5 ya ushuru au shilingi 2,000, lolote lililo kubwa zaidi.

PIN (namba ya mlipa ushuru) ya mgeni huhitaji kibali halali. Jina lake lilingane herufi kwa herufi na pasipoti. Kwenye iTax hakikisha wajibu wa ushuru uliosajiliwa ni wa mkaazi au asiye mkaazi kulingana na hesabu yako ya siku, maana ukikosea hapo fomu nzima inakataa unafuu. Stakabadhi zihifadhi miaka 5. Ukihama Kenya, wasilisha ritani ya mwisho kisha uombe wajibu huo ufutwe kwenye PIN. Ukiuacha wazi, faini ya 2,000 itajirudia kila mwaka hata kama hukupata senti.